Ngitili ya Kulungu

Mjomba,

Nakuandikia nikiwa nimevaa soksi mbili mbili na kofia ya sufu, ndani ya nyumba, na mdogo wangu ananicheka kwa sababu anasema leo kuna joto. Siku niliyofika nilitazama kipimajoto cha ukutani nikaona 14, nikamshukuru Mungu: kumbe ni kama Njombe mwezi wa saba, nitavumilia. Nikatoka na shati. Hatua kumi hazijaisha, pua ikaniuma kama niliyeng'atwa na siafu, nikarudi mbio. Ndipo nikaambiwa kwamba huku wanapima kwa Farenhaiti, na hiyo 14 yao ni nyuzi kumi chini ya sifuri kwetu. Mwalimu wa jiografia miaka ishirini na mbili, Mjomba! Wanafunzi wangu wasisikie.

Uliniagiza nisikuletee habari za maghorofa, maana umeyaona kwenye televisheni. Basi sina la kusema kuhusu maghorofa. Ya Chicago niliyaona kwenye kioo cha nyuma cha gari, yakipungua. Nitakuandikia habari za kichaka.

Siku ya kwanza tuliimaliza barabarani. Kutoka Chicago hadi Vernon, wilaya ya jimbo la Wisconsin alikoolewa huyu mdogo wangu, ni kama Dar hadi Dodoma, tukatumia saa nne na nusu. Hakuna tuta hata moja. Hakuna trafiki wa kusimamisha. Lakini pia hakuna mahindi ya kuchoma, hakuna mayai ya kuchemsha yenye kachumbari, hakuna kijana wa kukimbilia dirishani na korosho. Ukisikia njaa unaingia kituo cha mafuta, unajimiminia kahawa mwenyewe kwenye kikombe cha karatasi, unalipa dola tatu, na hakuna aliyekuuliza habari za nyumbani. Mafuta yenyewe wanauza kwa galoni, na nilipopiga hesabu kwa lita nikakuta tunawazidi bei. Nikanyamaza. Si vizuri mgeni kulalamika kwamba vitu ni rahisi.

Mashamba ya njiani yalikuwa tambarare na meupe, yametandikwa theluji kama shuka za hospitali. Kisha, jua likikaribia kuzama, nchi ikaanza kujikunja. Vilima, mabonde membamba, mawe yaliyojitokeza juu kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Hapa mwalimu alifufuka kidogo. Barafu kuu za zamani zilizosaga na kusawazisha sehemu kubwa ya Marekani ya kaskazini zililizunguka eneo hili zikaliacha, ndiyo maana limebaki na miteremko yake. Nilimweleza shemeji hayo yote kwa Kiingereza changu cha ubaoni. Amezaliwa hapa. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kabisa.

Siku ya pili niliamka saa kumi usiku, mwili bado uko Shinyanga, nikamkuta mkwe wetu jikoni. Ni baba wa shemeji, ana miaka sabini na sita, mabega kama mlango, na maneno yake kwa siku yanahesabika. Wazee wake walitoka Norwe, kama wengi wa mabonde haya, na akishangazwa na jambo husema "uff da", kwa sauti ileile ambayo shangazi husema "loo!". Alinipa kitu kinachoitwa lefse. Mjomba, ni chapati. Chapati ya viazi ulaya, nyembamba kama kitambaa, imepakwa siagi na sukari kisha ikaviringishwa. Nilikula nne. Halafu akaleta soseji nyeusi, ngumu, yenye moshi na pilipili manga, nikauliza ni nyama gani. Akanyoosha kidole dirishani, kwenye kilima chenye giza.

Ndivyo nilivyokutana na mnyama ambaye barua hii inamhusu. Kwetu hana jina. Waliotafsiri Zaburi walimwita ayala, lakini mimi tangu niingie kanisani sijaona ayala akivuka barabara ya Kahama. Nimeamua kumwita kulungu, kwa sababu akikimbia huinua mkia na chini yake ni mweupe pe, kama kulungu wetu, na kwa sababu naye ni mnyama wa vichaka. Tofauti iko kwenye pembe. Kulungu wetu anakufa na pembe zake. Dume wa huku huziangusha kila mwaka wakati wa baridi, zinadondoka kama maembe, kisha huota nyingine mpya. Mkwe ana sanduku zima stoo. Watoto hutumwa kuziokota mwezi huu wa tatu kama sisi tulivyotumwa kuokota kuni.

Baada ya chai, familia ilikusanyika mezani na picha kubwa ya shamba iliyopigwa kutoka angani. Ekari 120. Ekari arobaini na kitu za juu, mgongoni mwa kilima, ni za mahindi na lusina; zilizobaki ni miteremko yenye miti na bonde la kijito. Kila Novemba, kuanzia Jumamosi ile ya kabla ya sikukuu yao ya kushukuru, kuna siku tisa za kuwinda kulungu kwa bunduki, na jimbo zima huvaa rangi ya chungwa inayowaka. Sheria inataka rangi inayoonekana kwa mbali: mtu apande kilimani kama chungwa la Muheza ili mwenzake asimpige kwa bahati mbaya. Kibali kwa mwenyeji ni dola 24, kama elfu sitini zetu. Mnyama si mali ya mwenye shamba. Ni wa jimbo, kama kwetu alivyo wa serikali. Mkwe ana ardhi tu, na kulungu ni mpita njia.

Basi tatizo lao lilikuwa hili. Familia ni ya wawindaji wanane ukihesabu wajukuu, na kwa miaka mingi kila mtu amekuwa akitembea kila mahali. Bunduki ya kwanza ikilia, kulungu wanahamia kwa jirani, au wanabaki na kutembea usiku tu. Kwa hiyo wameamua kutenga sehemu ya shamba ambayo hakuna mtu atakayeikanyaga kuanzia mwisho wa kiangazi hadi msimu uishe. Mnyama apate mahali pa kulala mchana bila kusumbuliwa, ili jioni, giza halijaingia, atoke kwenda kula, na hapo njiani mtu mwenye subira amsubiri. Swali lililowaweka mezani kwa saa tatu: sehemu ipi?

Mjomba, nilipoelewa nilipiga meza. Nikamwambia mdogo wangu awatafsirie: hii ni ngitili! Nikawaeleza jinsi babu alivyokuwa akifunga kona ile ya malisho mvua zikianza, ng'ombe hawaingii mpaka kiangazi kikaze mwezi wa saba au wa nane, na atakayeingiza mifugo kwa siri anaitwa mbele ya dagashida, baraza la jadi, na kutozwa faini. Nikawaeleza kwamba wakati wa ukoloni miti ya Usukuma ilifyekwa kwa maelfu ya ekari ili kuua mbung'o, tukabaki na vumbi, na kwamba ule mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga wa mwaka 1986 ulipokuja, ulichofanya cha maana zaidi ni kutukumbusha ngitili za wazee. Zilikuwa zimebaki hekta mia kadhaa tu, na kabla ya miaka ishirini kuisha zilizidi laki tatu.

Mkwe aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akasema sentensi ndefu kuliko zote za siku ile. Alisema bonde la jirani, Coon Valley, mwaka 1933 lilikuwa kama Shinyanga. Ng'ombe walilishwa kwenye miteremko mpaka mti mdogo haukuota tena, mvua ikishuka inabeba udongo na uzio pamoja. Serikali ikaanzisha hapo mradi wake wa kwanza wa kuhifadhi udongo wa bonde zima, wakulima wakakubali kulima kwa kufuata mkunjo wa kilima na kuwatoa ng'ombe msituni. Profesa Aldo Leopold wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alikuwa miongoni mwa washauri. Baba yake mkwe alikuwa kijana wakati huo na alichimba mashimo ya nguzo. Kulungu wakati ule, huku kusini mwa jimbo, alikuwa karibu hayupo. Misitu iliporudi, naye akarudi.

Nikamwuliza lililokuwa likinikereketa. "Sasa mzee, unamficha ili umuue?"

Akajibu, "Na ninyi mnazificha nyasi ili ziliwe."

Mdogo wangu alitafsiri huku akicheka. Sikuongeza neno.

Siku ya tatu tulikwenda kuangalia. Kwa nini Machi? Kwa sababu majani hayapo na theluji ipo. Kila kitu alichofanya kulungu tangu Novemba kimeandikwa chini. Njia zake zinaonekana kama njia za ng'ombe kuelekea lambo, magome yaliyokwanguliwa na pembe yanang'aa kwa mbali, na mahali alipolala anaacha shimo la mviringo wa yai, theluji imeyeyuka kwa joto la mwili wake kisha ikaganda tena kama kioo. Nilipiga magoti nikaweka kiganja ndani ya moja. Nywele tatu za kijivu. Tukienda, theluji ilikuwa ikilia chini ya viatu kama maganda ya karanga.

Mahali pa kwanza palipopendekezwa, na dada yake shemeji, ni bondeni, kona ya kusini-magharibi, kwenye mierebi iliyosongamana kando ya kijito. Mimi nilipapenda mara moja. Pana maji, pana kivuli, hata sisi tungelala hapo. Mkwe hakubishana. Alitoa mfukoni ganda kavu la mmea wa porini, akalipasua, na ndani yake kulikuwa na usufi! Mweupe, mwepesi, kila uzi una mbegu yake, kama ule wa msufi wa pale mission. Akaachia uzi mmoja. Ukapaa kuelekea mlimani, polepole, kwa sababu jua la asubuhi lilikuwa limeanza kupasha mteremko. "Njoo jioni uone," akasema. Jioni tukarudi, akaachia mwingine, ukateremka, ukatambaa hadi kwenye mierebi kama maji yanayotafuta mkondo.

Mjomba, upepo wa bondeni na upepo wa mlimani nimewachorea watoto ubaoni kwa mishale ya chaki miaka ishirini na mbili. Sijawahi kuuona hata siku moja. Nilisimama pale na kamasi zimeganda puani nikiangalia mshale wangu wa chaki ukielea hewani.

Maana yake kwa kulungu ni hii: kila jioni hewa baridi inashuka, na inashuka na harufu za wawindaji wote walioko juu. Aliyelala mierebini anapata taarifa ya kila mtu. Tena kona ile inapakana na uzio wa jirani ambaye anawinda sana, kwa hiyo mnyama akitoka kwenda kula anatokea kwake. Ungekuwa umemfugia mwenzako.

Mahali pa pili ni katikati ya shamba, msitu wa mialoni mikubwa, na huu ndio uliopendwa na shemeji. Ni pazuri, sikufichi. Ukisimama ndani unatamani kuvua kofia. Lakini mkwe alimwambia achuchumae. Tukachuchumaa wote, watu wazima wanne kwenye theluji. Ukiwa kimo cha kulungu unaona hatua mia kila upande. Miti mirefu imeziba jua, chini hakuna kitu. Ukubwa wa mti haumsaidii mnyama huyu. Anataka msongamano kuanzia magotini kwako hadi kifuani, mahali ambapo mtu akipita hatua ishirini hamwoni. Msitu wa kuvutia watalii na msitu wa kujificha ni vitu viwili, nami kwa umri wangu nilikuwa sijawahi kuvitenganisha.

Siku ya nne ndiyo niliyoharibu.

Nilitaka kukupigia simu. Saa moja asubuhi ya huku kwako ni saa kumi jioni, wakati mzuri, umetoka shamba. Nyumba iko bondeni upande wa mashariki, na mtandao ni wa kubahatisha. Nikakumbuka kwamba juu mgongoni simu ilionyesha vijiti vitatu. Nikajipaka mafuta yangu ya nazi vizuri, maana baridi imenipasua midomo na vifundo, nikapanda kwa ile njia ya zamani inayofuata mgongo wa kilima kuelekea magharibi. Njia hiyo ni ya mkwe. Inaishia kwenye mwaloni wake, ambako amejenga dungu, kama yale ya kufukuzia ndege kwenye mtama, na amekaa humo kila Novemba kwa zaidi ya miaka thelathini.

Nilikuwa nimefika nusu njia nikinyanyua simu juu kama mtu anayetafuta redio. Upepo ulikuwa unatoka kaskazini-magharibi, nilihisi sikio la kulia tu likifa ganzi. Upande wangu wa kushoto ardhi iliteremka ghafla, mteremko mkali unaotazama kusini-mashariki, uliokuwa malisho zamani na sasa umevamiwa na mierezi mifupi, miiba na nyasi ndefu zilizokauka. Hakuna aliyewahi kuutaja mezani. Ni mkali mno na unachana nguo. Nikasikia pumzi. Pffff! Kama lori linaloachia breki. Kisha chini yangu, mbali, mikia meupe ikaanza kufumka mmoja baada ya mwingine, minne, sita, saba, ikiruka kati ya mierezi kama leso kwenye harusi. Na simu, Mjomba, ikachagua dakika hiyo kushika mtandao, ikaita kwa ule wimbo wa taarabu nilioweka, sauti ya mwisho. Alikuwa ni mtu wa bima.

Nilirudi nimejipanga kuomba radhi. Nikakiri yote, hadi mafuta ya nazi. Mkwe hakukasirika, mwezi huu mtu anaruhusiwa kuingia popote, kwa kuokota pembe na kukata miti. Aliuliza maswali mawili tu. Nilikuwa wapi hasa waliposhtuka? Na niliwaona kabla au baada ya wao kupumua? Nikamwambia nilikuwa juu kwenye njia, sijawaona, sijatoka nje ya njia hata hatua moja. Akavaa koti akaenda mwenyewe kufuata nyayo zangu. Alirudi baada ya saa mbili, akakaa, akachukua kalamu, akazungushia duara ule mteremko wa mierezi kwenye picha. Alikuta malalo kumi na moja, mengi katika theluthi ya juu ya mteremko.

Mdogo wangu alinitafsiria sababu zake usiku ule. Kulungu anapolala pale, upepo wa Novemba, ambao kwa kawaida hutoka magharibi na kaskazini-magharibi, unampitia mgongoni ukitoka juu ya kilima. Asichokiona nyuma anakinusa. Hewa ya mchana inapanda kutoka bondeni. Cha mbele anakinusa pia, na macho yake yanaona mteremko wote. Jua la baridi linampiga kutwa. Ni kama baraza ya mzee mwenye busara, ambayo hakuna mgeni anayeifikia bila kuonekana. Na sisi je? Nyumba na barabara viko mashariki. Tukikaa ukingo wa mashariki, harufu yetu inakwenda barabarani, na wakitoka kwenda kwenye lusina wanapita karibu.

Kila kitu kimekaa sawa, nikasema, tatizo liko wapi? Maana niliona chumba kizima kimenyamaza.

Tatizo lilikuwa njia ya mgongoni. Nyayo zangu zilikuwa zimethibitisha alichokuwa akikikwepa kwa miaka. Mtu akipita juu pale, upepo unamwaga harufu yake yote chini kwenye malalo, na kulungu wanaondoka kabla hajafika popote. Kila Novemba, saa kumi na moja alfajiri, mkwe alikuwa akipita hapo kimyakimya kwenda kwenye mwaloni wake, akifikiri anawinda. Ukiitenga sehemu ile, lazima njia ifungwe. Njia ikifungwa, dungu halifikiki.

Tangu hapo sikuweza kuyatazama mafuta yangu ya nazi bila aibu. Nimeona wazee wetu wakigawana mashamba, najua uso wa mtu anayeachia kitu. Tulikuwa tukizungumza siku tatu tukidhani tunachagua mahali anapopapenda kulungu. Kulungu alikuwa ameshachagua siku nyingi. Kilichokuwa kinachaguliwa ni mahali ambapo watu wanane wataweza kukaa mbali, kila mmoja na dungu lake, njia yake ya mkato na kumbukumbu zake.

Siku ya tano shemeji aliwasha msumeno wa injini, ile chenso, na nikapewa kazi ya kusimama mbali. Kuna ukataji hapa sijauona kwetu. Anachagua mti usio na thamani ya mbao, wala si mwaloni mweupe, maana kokwa zake kulungu wanazipenda kama mbuzi anavyopenda maganda ya ndizi. Anaukata kimo cha kiuno, robo tatu tu, kisha anausukuma uanguke huku umeshikiliwa na gome na kipande cha mti. Haufi. Unalala chali, unaendelea kuchipua, na matawi yaliyokuwa juu sasa yako usawa wa mdomo wa mnyama. Kichaka na chakula kwa mkato mmoja. Ni kazi ya hatari, mti unaweza kupasuka ukakurudia kifuani, na shemeji hakuruhusu mtu karibu. Walifanya hivyo sehemu ndogo tu za pembeni. Mteremko wenyewe mkwe alisema uachwe, umeshajijua. Kwenye ekari nne za juu zilizochoka watamwaga mbegu za nyasi ndefu za asili juu ya theluji, baridi na jua vizizamishe vyenyewe ardhini. Jumla imetengwa kama ekari thelathini, robo ya shamba. Wakati wa msimu mtu ataingia kwa sababu moja peke yake: kumfuata mnyama aliyejeruhiwa.

Ijumaa, siku ya sita, tulikwenda kula samaki. Ni Kwaresima, na huku Ijumaa hujaa watu kwenye kumbi za kula samaki wa kukaanga na kabichi. Samaki mzuri, hana mfupa hata mmoja, nikajikuta nautafuta mfupa kwa ulimi kwa mazoea. Wanauza pia vipande vya jibini mbichi vinavyolia mdomoni ukitafuna, kwii, kwii, kama viatu vipya vya Pasaka. Ningekuwa na michembe ningewapa nao washangae.

Jirani wa ule uzio wa kusini-magharibi alikuwepo. Mkwe alimweleza wazi alichofanya na wapi, bila kuficha, nikashangaa. Kwetu ngitili inalindwa na sungusungu. Huku nilimwona mwanamume akimwambia mpinzani wake hazina imezikwa wapi. Jirani alicheka, akasema ahsante kwa kunifugia. Naye ana haki, maana kulungu mmoja mara nyingi huzunguka eneo la kama maili moja ya mraba, ekari 640, na shamba la ekari 120 ni kama chumba kimoja tu katika nyumba yake. Wakaishia kuzungumzia ugonjwa. Tangu mwaka 2002 Wisconsin inajua kwamba kulungu wake wana maradhi ya kukondesha, yanayokula ubongo, yasiyo na dawa wala chanjo, na protini mbovu zinazoyaleta, wanaziita prioni, hukaa udongoni miaka. Kwa sababu hiyo wilaya nyingi zimekatazwa kumwaga mahindi ili kuwavutia wanyama pamoja. Huwezi kumwita kulungu kwa chakula cha ndoo. Unabaki na kichaka chako na uvumilivu wako. Wawindaji hupeleka vichwa kupimwa kabla ya kula. Niliikumbuka ile soseji, nikauliza. Ilipimwa, wakaniambia, kula.

Leo ni siku ya saba na kesho narudi Chicago. Asubuhi ndege wakubwa wa kijivu walipita juu wakipiga kelele kama mlango wenye bawaba kavu. Ni korongo, wanarudi kutoka kusini. Mkwe alisimama uani akawahesabu. Kisha akabeba ngazi na nyundo, akaniita kwa mkono nimfuate.

Tulipita njia ya mgongoni, yeye mbele. Nilikuwa sijajipaka kitu, ngozi imekauka kama ya kenge. Kwenye mwaloni akapanda akaanza kung'oa mbao, moja moja, ananirushia, mimi nazipanga. Misumari ilikuwa imemezwa na mti, ikilia ikitoka. Ubao mmoja ulikuwa umechongwa miaka kwa kisu, safu ndefu. Aliutazama kidogo akautia kwapani, huo hakunipa. Wakati wa kurudi, mwanzoni mwa njia, tuliburuta matawi tukaiziba.

Alinipa pembe moja iwe zawadi yako, nzito, yenye ncha tano, lakini nimeiacha kwa mdogo wangu mpaka nijue forodha watasemaje. Usufi wenye mbegu wamenikataza kabisa.

Sasa nambie, mvua zimekaaje? Nyasi za ngitili zimefika magotini? Na ile njia ya mkato ya kisimani, inayokata katikati, ambayo mimi mwenyewe niliifungua nikiwa mtoto na ambayo kila nikija likizo naipita, bado watu wanaipita? Nisalimie shangazi, mwambie nimekula chapati ya viazi. Nikifika Dar nitapiga.

Mpwa wako.